Tulinunua Nyumba, Tukahamia Kiwanjani

Kutoka mlango wa jikoni mpaka pembe ya mbali kabisa ya kiwanja chetu ni hatua 93. Nimezihesabu mara nyingi: juani, kwenye tope, na mara moja usiku nikiwa na tochi mdomoni kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika jembe. Siku tuliyokuja kuiona nyumba hii hatukupiga hata hatua kumi nje. Tulisimama barazani, dalali akanyoosha mkono kuelekea kijani kile kilichotambaa hadi mwisho wa macho, akasema, "Na yote hii ni yenu." Mke wangu akanitazama, nami nikamtazama, kisha tukarudi ndani kuangalia tena makabati ya jikoni.

Nyumba ilikuwa na umri wa miaka mitatu. Ilijengwa nje kidogo ya mji, kwenye eneo lililokatwa viwanja vikubwa, na mwenyewe wa kwanza aliikaa kwa muda mfupi tu kabla ya kazi kumhamisha. Sisi tulikuwa tunatoka kwenye nyumba ya kupanga ambamo jirani akipiga chafya unamjibu ukiwa kitandani kwako. Usitushangae basi kwamba tulilewa. Bomba zilitoa maji kwa nguvu. Vigae vya sebuleni vilikuwa vyeupe, havina mkwaruzo. Soketi zilikuwa nyingi kuliko vyombo vyetu vya umeme. Ndani tulikaa saa mbili nzima. Tulivuta kila droo, tukawasha kila taa, tukasukuma kila mlango. Nje tulikaa dakika kumi, na nadhani tano kati ya hizo zilikwenda kwenye kupiga picha.

Kiwanja kilikuwa karibu ekari moja, mita 50 kwa 81. Tulikihesabu kama nyongeza, kitu ambacho muuzaji anakutilia juu ya ulichokuja kununua. Ndipo tulipokosea.

Lakini nianze na nyumba, maana nayo ilikuwa na yake.

Watu wengi hudhani nyumba ya miaka mitatu ni nyumba mpya iliyoshuka bei kidogo. Hata mimi nilidhani hivyo. Sasa naona huo ndio umri mgumu kuliko yote kuununua. Nyumba iliyokabidhiwa jana bado ina mkandarasi nyuma yake; kipindi cha matazamio hakijaisha, mlango ukikwama unampigia simu anarudi. Nyumba ya miaka thelathini, kwa upande wake, imekwisha kukiri makosa yake yote. Paa likivuja utaliona doa darini. Ukuta ukiwa unatembea utaona ufa umezibwa mara tatu, kila mara kwa saruji ya rangi tofauti. Ya miaka mitatu haina hili wala lile. Mkandarasi ameshanawa mikono, na nyumba yenyewe bado haijaanza kusema.

Nayo ina mengi ya kusema katika miaka hiyo. Zege hupimwa nguvu yake siku ya 28, ndiyo maana mafundi huitaja sana namba hiyo, lakini kukauka kwake huendelea muda mrefu baada ya hapo. Lipu husinyaa. Mbao za milango, kama zilifungwa zikiwa mbichi, hujipinda. Na udongo uliomwagwa kujazia mashimo ya msingi hushuka taratibu, mvua baada ya mvua, mpaka utulie. Hakuna hata kimoja kati ya hivi ambacho ni uhalifu. Ni nyumba inakaa chini, kama mtu anavyojiweka sawa kwenye kiti.

Ufa wa kwanza ulitokea juu ya dirisha la sebule mwezi wa nne, mwembamba kama unywele. Mke wangu aliuona siku hiyo hiyo. Mimi nilijifanya sijauona kwa wiki mbili. Fundi niliyemwita hakugusa hata mwiko. Alichomoa penseli sikioni, akachora kistari kwenye kila ncha ya ufa, akaandika tarehe pembeni. "Ukivuka mistari, niite," akasema, akaondoka. Baadaye nilijifunza kwamba nyufa za chini ya milimita moja kwenye lipu mara nyingi ni kusinyaa tu. Za kuogopa ni zile zinazopanda ukutani kwa ngazi zikifuata maungio ya matofali, au zinazotoka kwenye kona ya dirisha kwa mshazari zikiwa pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Zikifika milimita tano, mtu wa kumwita ni mhandisi. Wengi humwita fundi wa rangi kwanza, kwa kuwa yeye haji na habari mbaya.

Na hapo ndipo nilipokumbuka kitu. Siku tuliyoiona nyumba, kuta zilikuwa zinanukia rangi. Tulifurahi. Hakuna aliyeuliza kwa nini nyumba changa kiasi kile ilihitaji kupakwa upya. Penye urembo ndipo penye urimbo, na sisi tuliusifia urimbo.

Ufa ule haujavuka mistari mpaka leo. Niliyemwogopa siye aliyekuja kunipiga.

Mvua kubwa ya kwanza ilianguka usiku. Tulikuwa tumenunua wakati wa kiangazi, ardhi imekauka hadi inapasuka, na kiangazi ni dalali mzuri kuliko binadamu yeyote. Saa nane nilisikia mlio nisioujua, kama mtu anayekunywa maji kwa pupa nje ya dirisha. Nikatoka na tochi. Maji yalikuwa yamesimama kando ya ukuta wa jikoni, kina cha kiganja, yamejipanga kwenye mfereji ambao hakuna mtu aliyeuchimba. Ule udongo uliojaziwa pembeni ya msingi ulikuwa umeshuka, ukaacha bonde jembamba limeizunguka nyumba. Na gata, zile gata nadhifu nyeupe tulizozisifia, zilikuwa zinamwaga maji ya paa zima ndani ya bonde hilo hilo.

Ukitaka kuelewa ukubwa wa jambo hili, hesabu yake ni nyepesi mno: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu limefunika mita za mraba 220. Usiku ule ilinyesha milimita 30 au zaidi. Hizo ni lita 6,600, mapipa 33 ya lita mia mbili mbili, yamemiminwa kwenye kona mbili za nyumba na mtu aliyelala fofofo. Kwenye nyumba yetu ya zamani maji ya paa yaliingia kwenye mtaro wa barabarani na ikawa shida ya watu wengine. Kwenye kiwanja kikubwa hakuna watu wengine. Maji yako ni yako mpaka uyatafutie pa kwenda.

Asubuhi nilitoa jembe. Kanuni ambayo mafundi wazuri huifuata ni kuishusha ardhi kutoka ukutani angalau sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza, ili maji yakianguka yasipate sababu ya kukaa. Nikapiga jembe la kwanza likaruka. La pili likaruka. Chini ya zile nyasi, ambazo zilikuwa na mizizi mifupi kama manyoya ya zulia, kulikuwa na udongo mgumu wa kijivu uliochanganyika na vipande vya tofali, mifuko ya saruji iliyooza na, sijui kwa nini, kiatu kimoja.

Ilinichukua muda kuelewa nilichokuwa nakiangalia. Wakati wa ujenzi, tingatinga hukwangua udongo wa juu, ule mweusi wenye uhai, ambao kwa kawaida unene wake hauzidi urefu wa mkono wako kutoka kiwiko hadi vidole. Wakati mwingine unarundikwa kando na kurudishwa. Wakati mwingine unapakiwa ukauzwa. Kisha malori ya kokoto na matofali hupita juu ya kilichobaki kwa mwaka mzima, yakikishindilia kama barabara. Mwishoni zinatandikwa nyasi juu yake, zinamwagiliwa wiki chache, picha zinapigwa. Nyumba ilikuwa mpya, lakini ardhi yake ilikuwa imezeeka kwa mwaka mmoja kuliko inavyozeeka kwa mia.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji mtaalamu. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe. Lijaze tena, kisha pima yanashuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka sentimita mbili na nusu hadi tano, una udongo wenye kupumua. Yangu yalishuka milimita nane. Nilirudia sehemu nne. Pembe ya mbali kabisa, mahali ambapo lori halikuwahi kufika, yalishuka sentimita tatu, na udongo ulionata kwenye vidole ulikuwa mweusi. Kipande kile hakikuwahi kuguswa. Kilikuwa kimekaa kule, hatua 93 kutoka jikoni, kikisubiri mtu akitembelee.

Kwa hiyo tuliamua kuyapeleka maji kule. Tulijaza maji kwenye mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kama mafundi wanavyosawazisha msingi, mke wangu akashika ncha moja mimi nyingine, tukapima mteremko kutoka jikoni hadi pembeni: mita 1 na sentimita 10 katika umbali wa mita 70 hivi. Unatosha. Hatukutaka mtaro wa zege. Tulichimba mfereji mpana wenye kina kifupi, wa kupandwa nyasi, ambao ukiutazama wakati wa kiangazi hutajua kama ni mfereji au ni ardhi imenywea tu. Nasema "tulichimba" kwa heshima ya ndoa. Mke wangu alipima, vijana wawili wa vibarua walichimba, na mimi nilichimba jioni na usiku, baada ya kazi, kwa sababu mvua nyingine ilikuwa imetabiriwa na mtu akiogopa hajui kulala.

Katikati ya kazi hiyo jembe liligonga zege. Mfuniko wa tangi la septiki.

Hapa sina budi kukiri ujinga wangu. Nilikuwa nimeishi maisha yangu yote nikivuta maji ya choo bila kujiuliza yanakwenda wapi. Huku nje ya mji hakuna bomba la umma la maji taka, yanabaki kwako. Yanaingia kwenye tangi, uzito unazama, mafuta yanaelea, na majimaji ya katikati yanatoka kwenda kwenye eneo la kunyonya, ambako mabomba yenye matundu yanayagawa ardhini ili udongo wenyewe uyasafishe. Tangi linahitaji kunyonywa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Letu lilikuwa na miaka mitatu na zaidi na hakuna aliyewahi kulifungua, kwa sababu hakuna aliyejua lilipo. Mwenye nyumba wa kwanza, nilipompigia simu, aliniambia kwa sauti ya mtu mwenye haya, "Ndugu yangu, mimi nilifikiri liko mbele."

Na eneo la kunyonya? Halipitishwi gari juu yake, maana uzito unabonyeza udongo na kuvunja mabomba. Halipandwi miti, maana mizizi inafuata maji. Wiki mbili kabla nilikuwa nimeelekeza lori la kokoto ligeuzie hapo hapo. Alama za magurudumu zilikuwa bado zinaonekana, na nilizitazama kama mtu anayetazama saini yake mwenyewe kwenye deni. Tulibahatika. Bomba moja tu lilipasuka.

Lakini hapo pia ndipo kiwanja kikubwa kilipoanza kunilipa. Eneo la kunyonya likichoka siku moja, ninayo nafasi ya kuchimba jingine. Tukichimba kisima, tunaweza kukiweka zaidi ya mita 30 kutoka kwenye maji taka, umbali ambao kwenye kiwanja cha mjini hauupati hata ukichimba chumbani kwa jirani.

Kuhusu mipaka nitasema kifupi, ingawa ilitugharimu kuliko mfereji. Tulitaka ua. Mzingo wa kiwanja ni mita 262. Ukisimika nguzo kila baada ya mita mbili na nusu unahitaji nguzo 105, na hapo hujanunua waya. Kabla ya kutumbukiza hela hizo tukamwita mpimaji aje kutafuta mawe ya mipaka. Aliona mawili yako wazi. La tatu alilipata chini ya kifusi. La nne lilitufundisha kwamba ua wa michongoma tuliouhesabu kuwa mwisho wa eneo letu ulikuwa umepandwa na jirani kwa kukisia, na kukisia kwake kulitupendelea sisi mita mbili ambazo si zetu. Tulizirudisha. Kisha mpimaji akafunua ramani iliyoambatanishwa kwenye hati, akapitisha kidole kwenye mistari miwili ya nukta nukta upande mmoja wa kiwanja, toka mwanzo hadi mwisho. "Huu ni mkuza wa umeme, njia ya nyaya. Mita sita. Hujengi, hupandi mti mrefu." Mita sita kwa 81 ni mita za mraba 486. Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ile "yote hii ni yenu" ni mahali ambapo mimi ni mlinzi tu.

Ilikuwa imeandikwa. Haikufichwa hata kidogo. Siku ya kusaini tulisoma majina yetu kama yameandikwa sawasawa, tukapeana mikono.

Nyasi sasa. Mashine yangu ya kukatia ina upana wa nusu mita. Ukiondoa nyumba, njia ya gari na baraza, zinabaki kama mita za mraba 3,000 za kukata. Gawanya mwenyewe: ni kilomita 6 za kusukuma mashine, ukiwa na mstari ulionyooka usiorudia mahali, na mimi sina mstari wa namna hiyo. Nilifanya hivyo kila wiki kwa msimu mmoja. Mashine hizi zilibuniwa na Mwingereza aitwaye Edwin Budding mwaka 1830, na wazo alilipata kwenye mashine ya kiwanda cha nguo iliyokuwa ikinyoa manyoya yanayobaki juu ya kitambaa. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu. Kabla yake, uwanja mpana wa nyasi fupi ulikuwa wa tajiri mwenye watu wa kushika mundu au kondoo wa kutafuna. Budding alitupa sisi wengine uwanja wa tajiri, akasahau kutupa watu wake.

Msimu wa pili niliacha. Tunakata mita kumi kuizunguka nyumba na vijia viwili. Kwingine kunaota kunavyotaka. Jirani mmoja alidhani tuna msiba. Hata hivyo udongo ulianza kulainika penye mizizi mirefu, na nilipolirudia lile shimo langu la kipimo baada ya mwaka, maji yalishuka milimita 14 badala ya nane.

Umbali wa mjini nao upo, lakini kila mtu huonywa juu ya umbali na kila mtu hununua tu, kwa hiyo sitauzungumzia zaidi ya kusema kwamba gari moja lilitosha kwa miezi mitano.

Kitu ambacho hakuna aliyetuonya ni watoto. Tulinunua nafasi kwa ajili yao. Ndiyo sababu tuliyowapa ndugu, benki, na sisi wenyewe. Wakimbie. Wapotee kidogo. Kwa karibu mwaka mzima hawakuvuka mita ishirini kutoka barazani. Waliburuta midoli yao yote hadi kwenye ngazi ya mlango na kucheza hapo, bega kwa bega, kana kwamba bado tuko kwenye chumba kile cha kupanga. Mke wangu alikuwa akisimama dirishani akiangalia ule uwanja mtupu. Siku moja alisema, bila hasira, "Unajua tulichonunua? Tumenunua umbali baina yetu na ua." Sikuwa na jibu. Uwanja mtupu hauchezeki. Hauna kichaka cha kujifichia, hauna mti wa kupanda, hauna kitu cha kukufanya uuvuke. Kila mti uliokuwepo ulikatwa ili malori yapite, na ile tuliyoipanda sisi ilikuwa inafika kiunoni kwa mtoto.

Nikinunua tena, na sina mpango huo, nitaomba kuiona nyumba siku ya mvua. Nitavaa viatu vya mpira, nimwache dalali barazani na simu yake.

Msimu wa mvua uliofuata, mfereji ulifanya kazi. Nilisimama jikoni gizani nikisikiliza ukuta, sikusikia kitu. Asubuhi nilitoka kufuata maji yalikokwenda na nikayakuta yote kule pembeni, kwenye ule udongo mweusi, yametulia kwenye dimbwi la ukubwa wa chumba. Kwa udongo ule yangezama ndani ya siku chache, na kwa hesabu zangu ndivyo ilivyotakiwa. Hayakupata nafasi, kwani mvua haikukatika wiki nzima. Siku ya nane, saa moja jioni, vyura walianza.

Mdogo ndiye aliyesikia kwanza. Aliacha kijiko, akateremka ngazi, akasimama kwenye mpaka wake wa kila siku, mita ishirini, akisikiliza. Dada yake akamfuata. Tuliwaona kutoka dirishani wakienda, kwanza polepole halafu mbio, wakifuata mfereji katikati ya nyasi ndefu mpaka vikabaki vichwa viwili, kisha hakuna kitu, sauti tu.

Walirudi giza limeingia, wamelowa hadi mapajani. Wakapita jikoni bila kufuta miguu, wakapita sebuleni, na wakaacha nyayo nyeusi, moja baada ya nyingine, juu ya vigae vyeupe vilivyotufanya tuinunue nyumba hii.